Siku Niliyomkatiza Padre Kornelio Mahubiri

Jamani, hili jambo nilikuwa nimeapa sitalisimulia kwa mtu, lakini kwa kuwa wapo wanaolisimulia vibaya (wengine wanasema nilikuwa nimelewa, na mimi hata pombe ya ndizi sijawahi kuionja), afadhali niliseme mwenyewe lieleweke. Ni kweli nilimkatiza Padre mahubiri. Ni kweli watu wazima walilia kanisani kwa sababu yangu. Na habari ya mbuzi nayo, niseme nini, ni kweli.

Ilikuwa miaka ile mkoa wa Manyara ukiwa mpya kabisa, Babati ndiyo kwanza imeanza kuitwa makao makuu, ofisi za serikali zimebanwa kwenye vyumba vya kuazima, na kila wiki inashuka familia nyingine na magodoro yake kutoka mkoa mwingine. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa karani mchapaji, nimehamishwa kutoka Songea, nimepanga nyumba Nangara na watoto wangu watatu, na mume wangu yuko Mirerani kwenye machimbo, anakuja mwisho wa mwezi akijaliwa, anakula, analala, anaondoka. Shamba nilikodi Sigino, ekari moja tu, maana mshahara wa mchapaji mnaujua.

Sasa mji ulivyojaa, na kanisa nalo likajaa. Misa moja ya Jumapili ikawa mbili, lakini watu wa kufanya kazi za kanisa walibaki walewale. Mimi walinigundua kwamba nasoma bila kukwama, nikawekwa kwenye wasomaji. Nikiwa kwenye wasomaji wakagundua nina sauti ya pili, nikawekwa kwenye kwaya. Kwa kuwa wa kwaya tunawahi, nikapewa maua. Na siku moja nikajisahau nikasema mbele ya akina mama kwamba nyumbani nina pasi ya umeme, basi vitambaa vya altare navyo vikaanza kuja kwangu kila Jumamosi, vimekunjwa ndani ya kanga, vinasubiri mlangoni kama mgeni. Hakuna aliyenilazimisha. Tatizo langu ni kwamba nikiombwa jambo la kanisa, mdomo unasema "sawa" kabla kichwa hakijauliza ni jambo gani.

Jumamosi ya mkasa wenyewe ilikuwa msimu wa kuvuna. Nilikuwa Sigino tangu alfajiri nakata mahindi, mchana nikapukuchua, jioni nikarudi nasukuma baiskeli yenye gunia, nguo zimejaa manyoya ya mahindi, mgongo hausikii la mtu, na bado nina mazoezi ya kwaya, nina maua, nina vitambaa vya kupiga pasi. Pale njiani ndipo nikakutana na Mzee Anselmi. Huyu alikuwa bwana mifugo mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya liturujia, mtu mpole kiasi kwamba ukimkatalia jambo unajiona umempiga.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Oska."

"Milele na milele, amina. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pole na shamba. Nakuona umechoka."

"Nimechoka kweli, mzee wangu."

"Pole sana, mwanangu. Sasa kesho misa ya pili utasoma somo la kwanza kama kawaida. Halafu Bwana Sabasi amesafiri, hatuna mtu wa maombi ya waumini. Utatusaidia."

(Mmeona? Hakuuliza. Alinipa pole, halafu akaniongezea kazi.)

"Sawa," nikasema.

Akasogea karibu, akashusha sauti mpaka nikalazimika kuinama juu ya baiskeli. Akaniambia Padre Kornelio anahamishwa, kwamba kesho kwenye mahubiri atawatangazia watu yeye mwenyewe, na kwamba nikimaliza maombi ya kawaida niongeze moja la kumwombea huko anakokwenda. "Litoke moyoni tu," akasema. "Lakini Mama Oska, usiguse kabla hajasema. Ameomba hivyo. Anataka watu wasikie kutoka kinywani mwake."

"Sawa, mzee."

Niwaambie huyu Padre alikuwa nani, msije mkadhani ni paroko tu wa kawaida. Padre Kornelio alikuwa mzee wa huko huko, kazaliwa milimani si mbali, aliifikia parokia ile watu wakisali chini ya paa la nyasi. Aliwabatiza, akawafungisha ndoa, akabatiza na watoto wao. Wenyeji walimwita baba na walimaanisha baba. Sisi tuliokuja na mkoa, kusema ukweli, tulikuwa tukimlalamikia. Mahubiri yake marefu, akikolea anaingia kwenye lugha ya kwao na sisi tunabaki tunatazama dari. Na kulikuwa na uvumi umezagaa mjini kwamba watu fulani wa maofisini wamekwenda kwa Askofu kuomba padre kijana. Mimi sikuwahi kumjua hata mmoja aliyekwenda. Lakini wenyeji waliamini, na ukipita katikati yao na viatu vyako vya ofisini unaona kabisa wanakuhesabu humo.

Basi Jumapili ikafika. Usiku nilikuwa nimelala kidogo sana, vitambaa vile vina nakshi pembeni na nakshi haitaki haraka. Misa ya kwanza nikapanga maua, nikaimba. Kati ya misa na misa nikanywa chai ya moto sana kwa sababu asubuhi za Babati msimu ule ni baridi, upepo unashuka kutoka mlimani unaingia mpaka kwenye mifupa. Misa ya pili nikapanda altareni, nikasoma somo la kwanza vizuri, sauti imetulia, nikashuka mimbarini kwenda kukaa.

Sasa hapa ndipo penyewe. Sisi wasomaji tulikuwa na benchi letu pale pembeni ya altare, benchi la mbao lisilo na egemeo, linakukumbusha dhambi zako. Lakini siku hiyo kando yake kulikuwa na kiti chenye mto, kile kinachowekwa kwa padre mgeni, na mgeni hakuwepo, na jua la asubuhi lilikuwa limeingia dirishani na kutua juu ya ule mto kama limetumwa. Nikajiambia: leo tu. Nikakaa.

Zaburi nilikuwepo. Injili nilisimama na wenzangu. Padre akachukua kipaza sauti, akashuka ngazi akiburuta waya wake mrefu, maana alipenda kuhubiri akiwa katikati ya watu, akaanza kueleza jinsi akina mama walivyobeba matofali ya kanisa hili vichwani kutoka mtoni. Matofali nayakumbuka. Baada ya matofali sikumbuki chochote.

Na usingizi wangu, jamani, ni usingizi wa adabu. Miaka mingi ya vikao vya ofisi imenifundisha kulala nimekaa wima, mikono mapajani, macho nusu wazi, uso umeelekea mbele kama mtu anayeguswa sana na maneno. Sikoromi wala siinamishi kichwa. Hiyo ndiyo ilikuja kuniponza baadaye.

Kilichoniamsha hakikuwa kelele, kilikuwa kimya. Msomaji yeyote anakijua hicho kimya. Ni kile kinachotokea pale mtu mwenye zamu anapokuwa amesahau zamu yake, kanisa zima linasubiri, mtu anakohoa, mwingine anasogeza mguu. Nikashtuka moyoni bila kushtuka mwilini. Nikajua: ni mimi ninayesubiriwa! Mahubiri yamekwisha, sala ya Nasadiki imekwisha, na mimi nimekaa tu kama mgeni rasmi. Nikainuka, nikaweka kitenge sawa, nikatembea taratibu mpaka mbele ya altare, nikainamisha kichwa, nikapanda mimbarini, nikasogeza kile kipaza sauti kingine karibu na mdomo.

"Ndugu wapendwa, kwa imani na matumaini tumwombe Mungu Baba yetu."

Na watu wakasimama! Hapo sijilaumu mimi peke yangu, nawalaumu na wao. Mkatoliki ukimwambia "tumwombe" miguu inainuka yenyewe, haimuulizi mwenye miguu. Kanisa zima likasimama, na lilivyosimama likamfunika Padre aliyekuwa kule katikati karibu na nguzo, nami sikumwona, wala sikufikiria kutazama kitini pake.

Nikaomba kwa ajili ya Kanisa na viongozi wake. "Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakaitika, kwa sauti nyembamba kidogo, nikadhani ni baridi.

Nikaombea mvua, mavuno, na wagonjwa wetu. Safari hii wakaitika vizuri, nami nikajisikia vizuri. Kisha nikafunga macho ili lile la tatu litoke moyoni kama nilivyoagizwa.

"Kwa ajili ya Padre wetu Kornelio, anayetuacha na kuhamia parokia nyingine. Ee Mungu, umjalie mapumziko mema baada ya kazi ndefu, nasi utuletee mchungaji mwingine, kijana, mwenye nguvu. Ee Bwana."

Hakuna aliyeitika.

Nikadhani hawakusikia. "Ee Bwana," nikarudia kwa sauti ya juu zaidi.

Kutoka upande wa akina mama sauti moja ikauliza, si ya kusali, ni ya kuuliza kama mtu yuko sokoni, "Anatuacha?" Nikaitambua, ilikuwa ya Mama Paskali, mwenyekiti wa akina mama wa parokia. Halafu mtu mwingine akaanza kulia. Watu wakageuka kutazama katikati ya kanisa, wakaachana kidogo, ndipo nikamwona. Padre Kornelio amesimama pale pale, kipaza sauti kifuani, mdomo wazi kidogo, mashavu yamelowa. Alikuwa bado anahubiri. Alikuwa amenyamaza kwa sababu machozi yalimkaba, anatafuta nguvu ya kusema lile neno moja, na mimi nimeinuka nikamsemea, tena nikaongeza na kijana mwenye nguvu.

Usingizi ulinitoka wote, wa siku hiyo na wa mwaka mzima.

Mtu mwenye akili angenyamaza akakaa. Mimi nikageuka upande wa kwaya kutafuta msaada, nikainua mkono juu kumaanisha ngojeni, msifanye kitu. Mwalimu wetu wa kwaya, Bwana Fulgensi, alikuwa amekaa nyuma ya kinanda (sitaki kumsema mtu, lakini na yeye macho yake yalikuwa ya mtu anayetoka mbali), akaona mkono wangu umeinuka, na kwake mkono ukiinuliwa maana yake ni moja tu. Akapiga kinanda. Na wimbo aliouanza ni ule wa matoleo wenye kasi kuliko zote, tuliokuwa tumeufanyia mazoezi jana yake mpaka mpiga ngoma akatoka jasho. Ngoma ikaingia, kayamba zikaingia, wenzangu wa kwaya wakaanza kuyumba kushoto na kulia kama walivyofundishwa, huku nyuso zao zinauliza.

Wahudumu wa vikapu nao walisikia wimbo wa matoleo, wakainuka na vikapu. Wa mlangoni akasikia, akafungua mlango mkubwa. Na nje, jamani, nje walikuwa wamejipanga watu wa jumuiya ya Bonga, ambao siku hiyo ndiyo zamu yao ya kuleta mavuno, wamesimama juani tangu Injili, hawajasikia lolote, wana mahindi, wana ndizi, wana madumu ya mafuta ya alizeti, na mbele kabisa mwanaume mmoja na mbuzi. Wakaingia wakicheza. Akina mama wa Bonga wakapiga vigelegele.

Hebu fikirini jinsi ilivyoonekana. Mtu wa mkoa amesimama mimbarini ametangaza kwamba mzee wenu anaondoka na tunataka kijana, na papo hapo ngoma, vigelegele na mbuzi.

Yule mwenye mbuzi akacheza mpaka katikati, akamkuta Padre amesimama njiani, akadhani amekuja kuwapokea. Akapiga goti kwa heshima, akamkabidhi kamba. Na Padre (sijui alikuwa anawaza nini maskini) akaipokea. Akasimama kamba mkono mmoja, kipaza sauti mkono mwingine, na mbuzi akainua kichwa akalia ndani ya kipaza sauti, mlio ukasikika mpaka barabarani. Wimbo ukafa vipande vipande, sauti ya tatu kwanza, kisha ya pili, mwisho ngoma.

"Kaeni," Padre akasema.

Watu wakakaa. Watu wa Bonga hawana pa kukaa, wakachuchumaa na ndizi zao. Mbuzi akabaki amesimama.

"Na wewe," Padre akamwambia.

Hapo kanisa likacheka na kulia kwa pamoja, sijawahi kusikia kitu kama kile. Akangoja watulie. Akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. "Neno lenyewe lilikuwa limenikwama hapa," akasema, akigusa koo. "Basi, limeshasemwa. Tusimame tusali Nasadiki."

Hivyo tu. Akarudisha kamba, akapanda altareni. Watu wa Bonga ikabidi watolewe nje na mzigo wao wote, wasubiri, waingizwe tena mara ya pili kwa wimbo uleule, nao wakacheza, lakini kwa kunyata, kama watu wanaopita kwenye nyumba ya mgonjwa.

Nilitamani misa isiishe. Ikaisha. Nje hakuna aliyenisalimia isipokuwa watu wawili, na afadhali wasingenisalimia. Wa kwanza ni bwana mmoja wa maofisini ambaye hata jina lake silijui, alinishika mkono akasema chini chini, "Umesema kweli dada, kijana mwenye nguvu." Wa pili ni Mama Paskali.

Huyu mama nilikuwa nafua naye vitambaa vya altare. Alinionyesha wanakouza maziwa mazuri, Oska alipougua alikuja na uji. Akasimama mbele yangu na wenzake nyuma yake.

"Mmemfukuza baba yetu," akasema, "halafu hata kutuaga mmemnyang'anya."

"Mama Paskali, nilisinzia. Nakuapia nilisinzia."

"Nilikuwa nakutazama usoni. Macho yalikuwa wazi. Umetembea umenyooka, umeinama mbele ya altare, umesoma bila kukosea. Huo ni usingizi gani?"

Mzee Anselmi naye akafika, mpole vilevile. "Mama Oska, nilikuambia usiguse."

"Nilisinzia, mzee."

"Mtu anasinzia akatembea?" akauliza, na hakuwa ananikejeli, alitaka kujua kweli.

Nikaenda nyumba ya mapadre, nikabisha hodi. Padre Kornelio alikuwa amevaa sweta, anakunywa chai, mguu mmoja ameuweka juu ya stuli. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, gunia, pasi, kiti chenye mto.

"Kwa hiyo ulilala kwenye mahubiri yangu," akasema.

"Ndiyo, Padre."

"Kuanzia wapi?"

"Kwenye matofali, Padre."

Akatikisa kichwa. "Mapema hivyo." Akaniambia niinuke, nikae, akanimiminia chai mwenyewe. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Mama Oska, mimi sikufukuzwa na mtu. Ni mimi niliyekwenda kwa Askofu nikamwambia magoti yamekwisha, nimechoka, nitafutie mahali padogo. Hiyo ndiyo sehemu ya mahubiri iliyokuwa imebaki. Nilinyamaza pale kwa sababu nilikuwa naona aibu. Miaka yote hii nawaambia watu wasichoke, halafu mimi nisimame niseme nimechoka?"

Tukanywa chai. Mimi nilikuwa nalia kidogo, na nadhani hata yeye, lakini hatukutazamana.

"Sasa wanasema ni sisi wa mkoa tuliokufukuza," nikasema.

"Nitawaambia Jumapili ijayo kabla sijaondoka. Langu nitalisema mimi. Lakini la usingizi wako utalisema wewe."

Ile wiki, jamani. Nilikwenda sokoni, muuza nyanya akanipimia bila kunitazama. Kwenye sala za jumuiya yetu Nangara nilipoingia mazungumzo yakakatika, mtu akaanza rozari haraka haraka ili nisipate nafasi ya kusema. Vitambaa vya altare havikuja Jumamosi. Mnaweza kudhani nilifurahi. Nilikaa nakodolea mlango, pasi iko baridi, nikajisikia kama mtu aliyeachishwa kazi ambayo hakuwahi kulipwa.

Jumapili, wakati wa matangazo, Padre akasimama akawaambia watu waziwazi kwamba ameomba mwenyewe kuondoka, na sababu ni kwamba amechoka. Alilisema polepole, na alipolisema kanisa halikupiga kelele, lilitulia. Halafu akasema, "Mama Oska ana neno."

Nikatembea kutoka benchi la nyuma mpaka mbele. Safari hii nilikuwa macho, na nawaambia, kutembea ukiwa macho mbele ya watu waliokukasirikia ni kazi kubwa kuliko gunia lolote. Nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua, ama nibaki mtu aliyemnyang'anya mzee maneno yake makusudi, au niwe mtu mzima aliyelala altareni mbele ya kanisa zima, akapayuka usingizini. Nikachagua la pili.

"Mimi nililala," nikasema. "Padre akihubiri, nililala kabisa. Niliposikia kimya nikadhani mahubiri yamekwisha na zamu ni yangu. Hata Nasadiki nilidhani imeshapita. Sikutumwa na mtu, sikutumwa na ofisi. Ni uchovu tu. Naombeni mnisamehe."

Mtu mmoja upande wa wanaume akaguna, akajaribu kuziba mdomo, akashindwa. Kicheko kikaenea benchi hadi benchi mpaka kwaya. Nilitamani sakafu inimeze, lakini pia niliona mabega ya watu yakishuka, yale yaliyokuwa yamekazwa wiki nzima. Padre akaniacha nimesimama pale pale akasema, "Yeye alilala, mimi nimechoka. Sasa ninyi mliobaki macho, gawaneni kazi."

Nje Mama Paskali akanifuata. Hakuniomba radhi, wala sikutegemea.

"Kwa nini hukusema umeelemewa?" akauliza.

"Hamkuniuliza."

"Na wewe hukusema. Sisi tulidhani unapenda. Tuliona unasema sawa, sawa, tukadhani watu wa ofisini ndivyo mlivyo, mnapenda kushika kila kitu." Akaniambia vitambaa vitakuwa vinazunguka kwa zamu, mwenye pasi ya mkaa atumie ya mkaa, na kwamba maua atafanya binti yake. Kisha akanishika bega, akasema nikonde taratibu. Ndiyo salamu yake hiyo, maana yake nisijimalize kwa kazi.

Padre Kornelio aliondoka katikati ya wiki. Alitaka aondoke kimya kimya, lakini watu walijaa. Mimi nilikuwa kazini, kulikuwa na ugeni wa wakubwa na barua za kuchapa zimenifika kidevuni, sikupewa ruhusa. Nilisikia honi ya gari ikipita kuelekea barabara kuu na nikasimama dirishani, sikuona kitu zaidi ya vumbi. Hilo la kutomuaga linaniuma kuliko la mbuzi, ila watu hawaniulizi hilo, wananiuliza la mbuzi.

Jina nililobaki nalo mjini ni Mama Twakuomba. Nimelizoea. Na padre aliyeletwa baadaye alikuwa kweli kijana, kweli mwenye nguvu, nami ndiye niliyemwomba kwa kipaza sauti, kwa hiyo sikuwa na mdomo wa kulalamika tulipogundua kwamba mahubiri yake ni marefu kuliko ya mzee. Mimi sasa nasoma zamu moja kwa mwezi, basi. Na Jumapili nikiamka najiona macho mazito, hata waje wanibembeleze vipi, altareni sipandi. Nakwenda benchi la nyuma kabisa, nakaa na Wakristo wenzangu, nalala kama wao.